Blanketi la Mzazi

Jumatano, 3 Julai

Theluji kidogo juu ya mlima. Maji ya ndoo yameganda. Punda amekataa kutoka, nami simlaumu.

Leo nimedharauliwa hadharani. Si mara ya kwanza wiki hii, lakini hii inauma, kwa sababu Ausi Libuseng, dada muuza maandazi, alikuwepo.

Chanzo ni blanketi. Mtu wa mbali atasema blanketi ni kitu cha kujifunikia kitandani. Aje hapa kijijini Ha Mosuoe mwezi wa saba tumfundishe. Blanketi ni koti. Ni mbeleko ya mtoto, tandiko la farasi, pazia la dirisha, godoro la mgeni, na meza ya karata. Mwanamume akienda kwa chifu bila blanketi ni sawa na aliyekwenda na taulo. Na huku watu hawasemi fulani amepita. Wanasema lile la bluu limepita, lile la mahindi limepita. Mimi nikipita wanasema lile lenye tundu.

Tundu ni kazi ya jiko la mafuta ya taa. Liko bega la kulia, palepale mwanamume anapofungia pini. Nimelificha kwa akili: nimeligeuza blanketi ubavu, tundu likaenda chini kwenye goti. Tatizo ni mistari. Mistari ya blanketi husimama, kutoka begani kwenda mguuni, ili mtu akue na mambo yake yanyooke. Yangu imelala.

Sekoala ameiona. Sekoala ni jirani yangu. Ana farasi, ana masharubu, na ana blanketi la Seana Marena, lile la kichifu, ambalo huvaa hata akienda chooni. Mbele ya banda la maandazi la Ausi Libuseng, karibu na zahanati, watu wamejaa, akaniuliza kwa sauti ya huruma, na Ntate ya heshima juu yake: "Ntate Lebeko, mbona mistari yako imelala? Inaumwa?" Kisha akawaambia watu kwamba sasa anaelewa kwa nini mahindi yangu hayavuki kiuno.

Watu wakacheka. Libuseng akacheka mpaka akaangusha andazi kwenye majivu. Akanipa mimi hilo andazi. Bure.

Nimelila. Lilikuwa tamu. Lakini sijasamehe.

Alhamisi, 4 Julai

Mambo mazito! Mokhethi, kaka yake Libuseng, ametangaza kwenye mashine ya kusaga kwamba Jumapili ya tarehe 14 atakaa nyumbani kupokea washenga. Mwenye neno juu ya dada yake alete wajomba siku hiyo, au afunge mdomo mpaka kaburini. Amechoka, akasema, na wanaume wanaonunua maandazi matatu na kukaa kutwa nzima. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Uonevu. Mimi hununua mawili.

Sekoala tayari ameita wajomba zake. Nimemwona akimpiga farasi brashi huku anapiga mluzi.

Nimekaa nikafikiri. Libuseng ana umri wa kutosha kuwa na akili zake, miguu imara, na cheko linalosikika ng'ambo ya mto. Mtu angeweza kuzeeka vizuri karibu na cheko lile. Je, ananipenda? Hunipa maandazi ya pembeni ya sufuria, yale yaliyoungua, jambo ambalo nalichukulia kama mazoea. Aliwahi kuniambia mimi ni kituko. Sekoala hajawahi kuambiwa hivyo.

Lakini siwezi kumpeleka mjomba kwa Mokhethi huku nyuma yake nimesimama na mistari iliyolala. Kesho mjini.

Ijumaa, 5 Julai

Semonkong na kurudi, juu ya punda. Makalio hayapo tena.

Duka la mama mmoja, 'M'e 'Malineo, limejaa mablanketi mpaka darini. Harufu ya sufu mpya! Nikaligusa Seana Marena moja la kahawia, mahindi yamefumwa kama yamechumwa jana. Nikauliza bei. Nikatoka nje kupumua.

Huko nje, kwenye mlango, ndiko nilikoona tangazo. Kwa ajili ya baridi hii, kila anayenunua blanketi la mzazi atauziwa la kiume kwa nusu bei. Blanketi la mzazi ni serope, lile ambalo mume humpa mkewe akishamzalia mtoto wa kwanza. Na serope lenyewe ni la bei ya chini. Yaani ukichukua yote mawili unalipa pungufu kuliko kuchukua la kiume peke yake.

Sina mke. Sina mtoto. Ila hesabu naijua.

Nikarudi ndani na uso wa baba. 'M'e 'Malineo akanishika mikono yote miwili, akauliza mtoto amezaliwa lini. Jana, nikasema. Wa kike au wa kiume? Sikuwa nimejiandaa. Wa kiume. Mzito? Sana. Anafanana na nani? Nikasema bado ni mapema, kwa sasa anafanana na kiazi. Akacheka, akasema wote huanza hivyo. Na mama yake ni nani? Hapo nikashikwa na kikohozi kibaya. Nilikohoa mpaka akaniletea maji na kusahau swali.

Nimerudi na mablanketi mawili. Ushindi!

Jumamosi, 6 Julai

Nimelivaa la kahawia. Pini bega la kulia. Mistari wima kama askari. Nimepita mbele ya zahanati mara kadhaa bila shida yoyote ya kiafya. Mlinzi aliyesimama getini ameniita mheshimiwa. Libuseng ameacha kukanda unga, akanitazama, akasema: "Ha! Leo nani amekufa akakurithisha?" Huo ni utani wa mtu anayevutiwa.

Sekoala hakuwepo kuniona. Amekwenda Semonkong kununua pini mpya. Bahati mbaya kwake.

Limebaki swali la lile serope. Limelala kitandani, jekundu la damu ya mzee, na mistari ya krimu. Zuri kweli. Kulirudisha siwezi, kuliuza ni kuulizwa nimelitoa wapi, kuliweka ni kulisha nondo. Ndipo wazo likaja, nikasimama nikajipigia makofi.

Nimpe Libuseng!

Nimefikiria kila upande. Hatajua kama ni la mzazi? Mimi mwenyewe bila lile tangazo nisingejua. Blanketi la kike ni blanketi la kike. Wanawake nao wana kazi nyingi, hawana muda wa kukagua mistari ya watu. Na kabla Sekoala hajafungua mdomo Jumapili ya tarehe 14, kijiji kizima kitakuwa kimeona nani ana moyo wa kutoa.

Jumapili, 7 Julai

Nimefaulu kupita kiasi.

Asubuhi Libuseng na kaka yake walikwenda kanisani ng'ambo. Zawadi ikitolewa ndani ya nyumba haina faida, anaiona mmoja. Kwa hiyo nikalitandaza serope juu ya ukuta wa mawe wa zizi lao, upande wa njia, mahali ambapo kila mtu anayetoka kanisani hupita. Nikaweka mawe pembeni lisipeperuke. Nikakaa juu ya jiwe, na blanketi langu jipya, nikiwa na uso wa mtu ambaye amefanya jambo lakini hataki kusifiwa.

Wa kwanza kupita walikuwa bibi wawili. Wakasimama. Wakalitazama blanketi. Wakanitazama mimi. Mmoja akaziba mdomo. Mwingine akapiga kigelegele kilichowaamsha mbwa wa kijiji kizima. Wakaja wengine. Vigelegele! Wakacheza! Bibi mmoja akanishika mashavu akasema hakunidhania, kweli hakunidhania, na alivyokuwa ananiona mtu wa kulala tu. Mama mmoja mnene akataka kujua nimeficha vipi muda wote huo. Nikamwambia mimi ni mtu wa kimya. Wakacheka mpaka wakashikana.

Kisha Libuseng akafika. Akapita katikati yao. Akaliona. Akanigeukia, uso umekuwa rangi ya lile blanketi. Nikainua kofia. Akalivuta blanketi ukutani, mawe yakaanguka, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Aibu ya furaha.

Mokhethi alichukua rungu akaja upande wangu haraka. Nadhani palikuwa na mbwa nyuma yangu. Niliondoka ili nisimzuie.

Jumatatu, 8 Julai

Nimepigwa.

Nilikuwa nachota maji. Wakatoka nyuma ya miamba, wanaume wa kijiji chetu, Sekoala mbele, kila mmoja na fimbo. Wanacheka! Wakanitandika mgongo, matako, mapaja, huku wanaimba. Nikapiga kelele kwamba nitamwita chifu. Sekoala akasema chifu mwenyewe angekuwa mwanamume angekuja na fimbo yake. Akanitandika tena akasema: "Pokea, baba! Mvulana ameingia nyumbani!"

Ndoo ikaanguka. Nikaelewa.

Hapa kwetu mtoto wa kwanza akizaliwa, baba haletewi habari kwa maneno. Akiwa wa kiume, wanaume humpiga baba fimbo. Nimewahi kupiga wengine. Nilipiga kwa bidii.

Yote yametokea Semonkong. Sekoala alipokwenda kununua pini, 'M'e 'Malineo akamuuliza habari za kile kidume cha Ntate Lebeko wa Ha Mosuoe. Sekoala hakuelewa. Jana akaliona serope kwenye ukuta wa Libuseng. Akaelewa yote, na yote aliyoyaelewa ni ya uongo. Wanawake, wao, hawakuhitaji kuambiwa. Wamenieleza kwamba serope wanalitambua kutoka kilima cha pili, kwenye ukungu, wakiwa wamefumba jicho moja.

Niliwaambia hakuna mtoto. Mzee mmoja akanipigapiga bega kwa upole, akasema baba wapya wote husema hivyo, ni woga, utapita.

Kinachonishangaza: Ausi Libuseng amekuwa akiuza maandazi kila siku mbele ya macho ya watu wote. Wanadhani alijifungua saa ngapi? Nimewauliza. Wamesema wanawake wanene hufichika. Nimeshauriwa nisirudie neno hilo karibu na banda lake.

Jumanne, 9 Julai

Baridi kali kuliko zote. Na leo ni maji.

Inaelekea kijiji kimegawanyika. Shangazi wa mtu fulani amesema ameota mtoto ni wa kike. Akiwa wa kike, baba humwagiwa maji baridi. Wale waliomwamini shangazi walinisubiri mlangoni na ndoo. Nilipotoka, pwaa! Ndoo ya kwanza ilikuwa na vipande vya barafu. Ya pili waliniambia ni ya kuondoa vipande vya barafu.

Nililivua la kahawia nikalianika kwenye jua. Jua lenyewe la jina tu. Baada ya muda mfupi blanketi lilikuwa limeganda, limesimama peke yake uani, mistari wima, bila mimi ndani. Sekoala akapita juu ya farasi akalisalimia.

Ameniambia pia kwamba yeye hana kinyongo. Atamwoa Libuseng na mtoto wangu juu. Ameanza kumtungia mtoto majigambo. Akanisomea kidogo. Mtoto analinganishwa na radi.

Nimejaribu kwenda kwa Libuseng kueleza. Sijafika mlangoni. Chungu kimepita karibu na sikio langu. Kilikuwa kitupu, namshukuru kwa hilo.

Mjumbe wa chifu amekuja. Kesho barazani.

Jumatano, 10 Julai

Chifu 'Makhauta ni mama mfupi, ana miwani, na hapendi kurudia neno. Akauliza: serope lile ni la nani, na mtoto yuko wapi?

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nikasema nililiokota njiani. Chifu akauliza kwenye njia gani mablanketi huanguka, ili na yeye apitie. Nikasema basi, nilipewa na duka kimakosa. Mokhethi akasema duka lilinipongeza kwa mtoto wa kiume. Nikasema, naam, mtoto yupo, lakini ni wa binamu yangu. Chifu akauliza binamu yupi. Sina binamu. Chifu anajua, alimzika mjomba wangu wa mwisho, naye hakuacha mtoto. Halafu nikasema ukweli, kwa kuwa ndio tu uliokuwa umebaki.

Baraza zima likacheka isipokuwa watu wawili. Mokhethi, na mimi.

Mokhethi akataka ng'ombe sita wa fidia, kama mtu aliyempa mimba dada wa watu. Nina ng'ombe wawili, mmoja anachechemea. Sekoala naye akasimama, akashika masharubu, akasema mbele ya wote kwamba yuko tayari kumchukua Ausi Libuseng pamoja na mtoto. Libuseng akamgeukia. "Mtoto gani, Ntate Sekoala? Umewahi kuniona nimebeba nini zaidi ya sufuria?" Sekoala akakaa. Furaha yangu siwezi kuieleza.

Kisha Libuseng akaniangalia mimi, na furaha ikaisha. Akasema yeye hataki ng'ombe. Anataka jina lake. Vijiji vyote vinne vya bonde hili vinasema amezaa, na juzi mwanamke mmoja wa kijiji cha juu kabisa alishuka na uji wa mzazi. Uji mzuri, akasema, ameunywa, lakini hiyo si hoja.

Chifu akakata shauri. Blanketi likishatolewa halirudi, ni la Libuseng. Mimi, kwa miguu yangu na kwa mdomo wangu, nipite nyumba kwa nyumba, vijiji vyote vinne, niseme hakuna mtoto na nilidanganya. Nimalize kabla ya Jumapili. Nisipomaliza, hiyo ni sawa na kukiri, na Mokhethi achukue ng'ombe.

Nikiwa natoka, Libuseng akanisimamisha getini. Akasema ukweli nilioutoa mle ndani, ingawa ulichelewa, ulikuwa kitu cha kwanza cha maana alichowahi kusikia kwangu. Akasema nikipita nyumba zote, kweli kweli, atamwambia kaka yake aweke kigoda cha mjomba wangu Jumapili. Pembeni ya kigoda cha wale wa Sekoala. "Sikuahidi neno, Lebeko. Nimesema kigoda."

Kigoda! Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye ng'ombe kumi. Mjomba nitamkodi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeanza na kijiji chetu. Kazi ngumu.

Nyumba ya kwanza, mzee hasikii. Nikapiga kelele HAKUNA MTOTO. Akanipa pole kwa msiba, akalia kidogo. Sikuwa na nguvu ya kuanza upya.

Nyumba nyingine, mama akatoka mbio na kuku, zawadi ya mzazi, alishamtenga tangu Jumapili. Ningemkatalia angeumia. Nikampokea. Nilisema hakuna mtoto baada ya kumfunga kuku miguu, kwa sauti ya wastani. Sijui kama alisikia. Aliniombea mtoto akue.

Nyumba ya tatu, ugali na mboga za majani. Ya nne, mayai. Nimegundua kwamba ukianza na habari yenyewe watu hufunga mlango, lakini ukisalimia kwanza na kukaa, hupatikana chai. Kwa hiyo nimekuwa nikiacha habari iwe ya mwisho. Kwenye nyumba kadhaa giza lilikaribia kabla ya mwisho.

Kuku ni mtamu.

Ijumaa, 12 Julai

Theluji mpaka kifundo. Vijiji vitatu vimebaki, viwili viko juu mlimani ambako hata mbuzi hupumzika njiani. Kiatu kimefungua mdomo.

Nimekaa karibu na moto nikajiuliza swali la msingi. Chifu anataka nini? Anataka watu wajue. Watu kujua kunahitaji miguu yangu? Hapana. Kunahitaji macho yao. Watu wa bonde hili husoma nguo. Blanketi moja juu ya ukuta, bila mtu kusema neno, liliwafanya wajue jambo ambalo hata halikuwepo. Je, nguo nyingine haiwezi kulifuta?

Ninalo shuka jeupe.

Nyeupe ni usafi. Nyeupe ni mtu asiye na hatia, nyumba isiyo na mtoto. Nitalifunga juu ya mti mrefu, mbele ya nyumba yangu, na nyumba yangu iko kwenye kilima. Vijiji vyote vinne vinaiona. Watatazama, watasema: Lebeko ni mweupe, Ausi Libuseng ni mweupe, yameisha. Wakati huo mimi niko ndani nimenyoosha miguu.

Naam, najua. Nyumba yenye kitambaa cheupe juu ya mti ni nyumba inayouza pombe. Hilo hata mtoto mchanga anajua. Lakini vile vya pombe ni vitambaa vidogo, vimechakaa. Changu ni shuka zima, lina maua pembeni. Watu si wajinga.

Jumamosi, 13 Julai

Nimelipandisha jioni. Linapepea vizuri sana. Limeonekana mpaka ng'ambo, maana nimesikia watu wakipigiana mbinja kutoka kijiji hadi kijiji. Habari inasambaa.

Mjomba wa kukodi amepatikana. Anataka sahani ya nyama na asiulizwe maswali.

Jumapili, 14 Julai

Naandika nimelala kifudifudi.

Walianza kufika asubuhi. Nilidhani wanakuja kunipongeza kwa usafi wangu. Wanaume wa vijiji vyote vinne, mablanketi ya kila rangi yakishuka mlimani, wengine juu ya farasi, na kila mmoja na kopo mkononi. Wakakaa uani. Wakasema shuka kubwa kama lile halijawahi kuonekana, bila shaka pombe ni nyingi kwa kiwango hichohicho. Wengine walisema baba wa mtoto mpya hawezi kunyima.

Nikaeleza maana ya shuka. Wakacheka, wakaniambia niharakishe.

Watu wengi wenye makopo matupu wanatisha. Nikakimbia kwa mpika pombe wa chini ya kilima, nikaomba mapipa. Hakuniamini. Nikamwachia blanketi langu la kahawia. Alilikunjua kwenye mwanga, akakagua mistari, akanipa mapipa matatu na punda wake. Nimerudi kwenye lile lenye tundu.

Lakini sasa, sikiliza! Wajomba wa Sekoala, wamevaa vizuri, njiani kuelekea kwa Mokhethi, wakaliona shuka. Wakasema watapita dakika moja kupasha koo kwa ajili ya mazungumzo. Walipasha. Mchana walikuwa wakiimba. Mjomba wangu wa kukodi naye aliimba nao, wameahidiana undugu. Mokhethi alikaa nyumbani kwake na vigoda viwili, chai, na mbuzi aliyechinjwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyetokea.

Sekoala alikuja kuwatafuta. Alivuta mmoja kwa mkono, akavutwa yeye akakaa.

Ndipo Libuseng akaja. Peke yake, mikono na unga hadi viwiko. Akapanda juu ya pipa tupu, akawatazama wanaume wa vijiji vinne, wote mahali pamoja. Akasema: "Mtoto hakuna. Hajawahi kuwepo. Huyu Lebeko alidanganya apate blanketi kwa bei nafuu. Kitu pekee kilichovimba nyumbani kwangu baridi hii ni unga wa maandazi, na nimeufunika kwa lilelile serope lake. Unaumuka vizuri ajabu. Kesho njooni mnunue."

Wakapiga makofi. Wakaamini! Siku nne nimehangaika, yeye amemaliza kwa pumzi moja.

Mokhethi alifika nyuma yake. Akasema kwa kuwa jina limesafishwa, ng'ombe basi. Kisha akanifanyia kwa rungu kile kinachonifanya nilale kifudifudi. Akatangaza kwamba vigoda amevipasua kuni, na hataki kuona mshenga yeyote mpaka baridi nyingine.

Nilimuuliza Libuseng kama kigoda changu nacho kimepasuliwa. Akasema changu ndicho kilichowaka kwanza. Akasema pia Sekoala asijivune, maana mwanamume ambaye wajomba zake hawawezi kupita pombe na yeye hawezi kumpitisha mwanamke mtoni. Halafu akanitazama pale chini, akatikisa kichwa, akaondoka. Hakucheka.

Hilo la kutocheka limenikaa rohoni.

Nimefikiri sana. Kosa langu sasa nimeliona wazi, na ni dogo tu: rangi. Nyeupe haisemi chochote cha moyoni, ni rangi baridi. Nilipaswa kumwonyesha ninavyojisikia, na awe wa kwanza kuona kila asubuhi akifungua banda. Kuna pazia jekundu hapa ndani, bado zima. Nyekundu ndiyo rangi ya mapenzi. Mti uko tayari umesimama, kazi ni kupanda tu.

Naam, najua, nyumba yenye kitambaa chekundu ni nyumba inayouza nyama. Lakini vile vya nyama huwa vinaning'inia. Changu nitakifunga fundo.